PANGA JIPYA NA VANISHI YAKE: IONDOLEWE AU IACHWE?



Ukinunua panga jipya, hapa Kivinje au kule Nangurukuru, na ukaligeuza juani, utaona ya kuwa bapa lake lina ung'avu usio wa chuma kitupu. Ung'avu huo ni wa ngozi nyembamba iliyopakwa kiwandani. Mara nyingine ngozi hiyo ni vanishi inayoonya kama kioo. Mara nyingine ina umanjano kama asali. Mara nyingine ni rangi nyeusi. Na pengine si vanishi wala rangi, bali ni mafuta mazito tu au nta. Kwa habari ya ngozi hii watu hawapatani. Mmoja husema kwamba yapasa kukwanguliwa yote siku ile ile panga liingiapo nyumbani, kwa kuwa panga lenye vanishi halikati. Mwingine husema kwamba mwenye kuikwangua analivua panga nguo yake na kulikabidhi kwa kutu. Wote wawili wana sehemu ya haki, na kila mmoja aweza kuharibu panga zuri kwa kuishika sehemu yake peke yake.

Jambo hili si dogo kwa mtu mwenye panga moja. Kwa panga hilo hufyeka shamba la ufuta, hupogoa mikorosho, hupasua nazi, hukata kuni, na jioni ile ile mke wake hulichukua akakatia muhogo au samaki mkubwa. Likiharibika katikati ya kufyeka, mvua haimngoji mwenye shamba aende kutafuta fedha ya kununulia jingine. Na panga baya halipotezi fedha tu: panga lenye makali butu huteleza juu ya mti badala ya kuingia, na likiteleza humwangukia mkataji mguuni. Basi yafaa tulitazame jambo hili kwa taratibu.

VANISHI ILIPAKWA KWA SABABU GANI

Vanishi hupakwa kwa ajili ya safari na kwa ajili ya kukaa ghalani. Hapo zamani vyombo vya kukatia katika pwani hii vilifuliwa na wahunzi wetu wenyewe, na chombo kilipotoka jikoni kwa mhunzi kiliingia shambani kesho yake, hakikuhitaji nguo. Baadaye yalikuja mapanga ya ng'ambo. Ralph Martindale wa Birmingham, Uingereza, ambaye kazi yake ilianzishwa mwaka 1874, alipeleka mapanga yenye alama ya mamba katika nchi nyingi za joto. Huko Marekani, kampuni ya Collins ya jimbo la Connecticut, iliyoanza mwaka 1826, ilifanya vivyo hivyo kwa wakulima wa Amerika ya Kusini na visiwa vyake. Baada ya uhuru, kiwanda cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilitengeneza majembe na mapanga ya nchi yetu. Siku hizi mapanga yauzwayo madukani hutoka China, India, Brazili na kwingineko. Panga la namna hii hukaa majuma mengi katika tumbo la meli, mahali penye joto na hewa ya chumvi, kisha hukaa miezi katika ghala, kisha hutundikwa dukani na kushikwa na kila mpitaji mwenye jasho mkononi. Kama lisingepakwa kitu lingefika jekundu kwa kutu, wala hapana ambaye angelinunua.

Hapa ipo habari ambayo mtu wa Kilwa apaswa kuijua, ingawa haiongezi makali ya panga lake. Vanishi bora za karne ya 19 zilitengenezwa kwa sandarusi, na sandarusi nzuri kupita zote ilitoka katika pwani hii yetu. Watu waliichimba ardhini, mahali palipokuwa na misandarusi zamani sana, na bandari ya Kivinje ilikuwa miongoni mwa bandari zilizoipeleka Unguja. Sandarusi mbichi iliyotoka mtini iliitwa chakazi, nayo ilikuwa na bei ndogo, maana haikuwa ngumu kama ile ya ardhini. Baada ya Sayyid Said kufanya mapatano ya biashara na Marekani mwaka 1833, wafanyabiashara wa mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, waliichukua kwa wingi, wakaiosha kwa maji ya magadi ili kuondoa ganda lake la nje, ikayeyushwa na kuchanganywa na mafuta ya kitani, ikapakwa juu ya magari ya farasi na samani za matajiri. Vanishi ya leo si sandarusi tena. Hutengenezwa kwa dawa za viwandani. Lakini kazi yake ni ile ile, yaani kuzuia hewa na maji visikifikie kilicho chini yake, na udhaifu wake ni ule ule, kama tutakavyoona. Magadi nayo tutayakuta tena huko mbele.

KUTU HUFANYA KAZI NAMNA GANI

Panga ni pua, yaani chuma chenye kaboni kidogo ndani yake, kadiri ya sehemu 6 hata 8 katika kila sehemu 1,000. Kaboni hiyo ndiyo iwezeshayo pua kushika makali. Lakini pua ya namna hii haina kinga yake yenyewe dhidi ya kutu. Kutu huzaliwa vitu vitatu vikutanapo: chuma, maji na hewa. Ondoa kimoja, kutu haipo. Chumvi haimo katika hao watatu, lakini ni msaidizi wao mkubwa. Huvuta unyevu wa hewani na kuushikilia juu ya chuma, na maji yenye chumvi huendesha ile kazi ya kula chuma upesi kuliko maji matupu. Tazama bati za nyumba za mwambao wetu: upande uelekeao bahari hushikwa na kutu kwanza, hata kama paa lote liliezekwa siku moja. Panga lililotundikwa katika ukumbi wa nyumba ya Kivinje limo katika upepo ule ule. Panga la ndugu yako akaaye Kipatimu, juu katika vilima vya Matumbi, halina adui huyo, na kwa sababu hii shauri lifaalo kwake huenda lisikufae wewe.

Basi vanishi iliyo nzima, isiyo na mkwaruzo wala ufa, ni kinga njema. Hili halina shaka. Shaka huingia siku panga linapoanza kazi. Pigo la kwanza juu ya mti mgumu hukwaruza vanishi karibu na makali; mchanga huikwaruza; tupa huiondoa kabisa penye ukingo. Hapo vanishi huwa na mpaka: upande huu chuma kitupu, upande huu chuma kilichofunikwa. Unyevu hupenya katika mpaka huo na kuingia chini ya vanishi, na ukiisha kuingia hautoki upesi, kwa kuwa ile ngozi iliyowekwa kuzuia maji yasiingie sasa yazuia yasikauke. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, kwa hiyo huinua vanishi kidogo, nafasi huongezeka, maji huzidi kupenya, na kazi huendelea. Katika hewa yenye unyevu na chumvi huweza hata kufanya vijia vyembamba chini ya vanishi, vinavyopinda-pinda kama njia za mchwa juu ya ukuta. Umekwisha kuviona bila shaka. Vyaanzia penye mkwaruzo na kwenda mbali nao. Juu yake vanishi yang'aa bado, na mwenye panga husema panga lake ni zima.

Hiki ndicho kiini cha jambo lote. Vanishi nzima ni bora kuliko chuma kitupu. Lakini chuma kitupu kinachofutwa na kupakwa mafuta kila siku ni bora kuliko vanishi iliyobanduka nusu. Chuma kitupu waweza kukiona na kukihudumia. Chuma kilicho chini ya vanishi mbovu huwezi kukiona, wala mafuta yako hayakifikii.

BASI IONDOLEWE AU IACHWE?

Jibu hufuata kazi ya panga. Kwanza, makali. Hapa hapana hoja: ngozi ya namna yoyote ile iondolewe penye makali, upana wa vidole viwili kutoka ukingoni, pande zote mbili. Sababu ni mbili. Panga linapoingia katika mti, sehemu hii ndiyo isuguanayo na mti kwa nguvu. Vanishi hulainika kwa joto la msuguano, hushika utomvu, na panga hukwama. Mwenye kupogoa mikorosho au kukata fenesi alijua jambo hili kabla ya kusoma karatasi hii. Ya pili, vanishi huziba meno ya tupa. Watu wengi hulaumu tupa mpya ya kuwa haili, na kumbe meno yake yamejaa vanishi ya panga.

Ama kwa bapa lililobaki, ikiwa panga ni la kufyekea na kukata kuni tu, iache vanishi maadamu ni nzima. Haina madhara ya kutajwa, na masika ya kwanza itakusaidia. Ila ulitazame panga kila juma. Siku utakayoona imeanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyechomwa na jua, au ukiona vile vijia vya kutu, usingoje tena; iondoe yote. Watu wengi hukosea hapa: huiacha ibanduke yenyewe kidogo kidogo kwa mwaka mzima, na katika mwaka huo panga hupata mashimo ambayo tupa haiwezi kuyafuta.

Ikiwa panga hukata chakula, iondoe vanishi yote kabla ya kazi ya kwanza. Vanishi na rangi za vyombo vya shamba hazikutengenezwa ili ziliwe. Mwenye kuuza madafu huona jambo hili waziwazi: kila pigo juu ya dafu huacha vipande vidogo vinavyong'aa penye tundu la kunywea. Mteja aweza asivione, lakini huvinywa. Rangi nyeusi ni mbaya zaidi, maana rangi za zamani huweza kuwa na risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Ingekuwa vema kila nyumba iwe na panga la shamba na panga la jikoni. Lakini twajua ya kuwa nyumba nyingi zina moja tu, na panga moja lihesabiwe kuwa la jikoni.

Panga lililonunuliwa kuwa akiba, lisiguswe. Liache na vanishi yake yote, lifunge katika karatasi kavu iliyopakwa mafuta, liweke mahali pa juu pasipo moshi wala chumvi.

Ama panga lililopakwa mafuta mazito au nta tu, halina ubishi. Lifute kwa kitambaa, lioshe kwa maji ya moto na sabuni kama litakata chakula, na kazi imekwisha. Ikiwa huna hakika kama ni nta au vanishi, likwaruze kwa ukucha karibu na mpini: nta na mafuta huingia chini ya ukucha, vanishi haiingii.

NAMNA YA KUIONDOA

Kabla ya yote nataja njia ya kuepukwa, kwa sababu ndiyo wengi waionayo nyepesi: kulitia panga motoni ili vanishi iungue. Vanishi huungua kweli, na panga hufa pamoja nayo. Kiwandani pua ilitiwa moto mpaka ikawa nyekundu, ikazimwa ghafula ili iwe ngumu, kisha ikapashwa moto mara ya pili kwa kipimo cha chini ili isiwe ya kuvunjika kama kigae. Ugumu wa panga lako umo katika kipimo hicho cha pili. Moto wa kuni au wa mkaa hukipita kwa urahisi, na pua iliyopitishwa hapo hulegea. Panga la namna hiyo utalijua: hunolewa upesi sana, na makali yake hukunjika juu ya kifuu cha nazi. Tupa haiwezi kurudisha ugumu. Ni mhunzi ajuaye kazi yake tu awezaye, na kazi hiyo huenda ikawa na gharama ya panga jipya. Tena moshi wa vanishi na rangi iunguayo hudhuru kifua.

Hatari hiyo hiyo imo katika mashine ya kusagia ya mafundi wa kuchomelea. Fundi akisaga bila kupumzika, cheche nyingi hutoka, na makali hubadilika rangi, kwanza ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Ukiiona buluu ni dalili ya moto mwingi mno, na pua ya ukingoni huenda imekwisha kulegea. Mwombe alichovye panga majini kila mara, au ufanye kazi mwenyewe kwa mkono.

Maji yachemkayo hayana hatari hii. Joto lake halipiti nyuzi 100, nalo ni dogo sana kwa pua. Basi njia ya kwanza, nayo ndiyo rahisi kwa nyumba nyingi, ni maji ya moto na magadi. Chukua debe au chungu kirefu, utie maji yachemkayo na magadi, vijiko vikubwa 2 kwa kila lita moja. Usitumie sufuria ya alumini, kwa maana magadi ya moto huila. Asiye na magadi aloweke majivu ya kuni usiku kucha, ayachuje, na ayachemshe maji yale yaliyochujwa. Simamisha panga ndani yake, bapa likiwa majini na mpini ukiwa nje, uliache nusu saa. Kisha lisugue kwa makumbi ya nazi yaliyochovywa katika majivu au mchanga laini. Vanishi za mafuta zitalainika na kutoka kama utando wa maziwa. Ikibaki, rudia. Jihadhari maji haya yasiingie machoni, wala usiyaguse kwa mkono wenye kidonda, maana huchoma. Na ukimaliza uyamwage mbali na kisima.

Vanishi nyingine hazijali magadi. Kwa hizo ipo ile dawa ya maji ya kuzimulia rangi, ambayo mafundi huiita tina. Lowesha kitambaa, kifunike juu ya bapa kwa dakika chache, kisha futa. Ifanye kazi hii nje penye upepo, mbali na jiko na mbali na mvuta sigara, na chupa usiiache karibu na watoto. Petroli isitumike kabisa. Mvuke wake hushika moto kutoka mbali. Mafuta ya taa huondoa mafuta mazito na nta vizuri, lakini vanishi iliyokauka haiyaogopi.

Ikiwa hata tina haikufaa, au kama ni rangi ngumu iliyookwa kiwandani, itakubidi kutumia msasa. Wazee wetu walitumia majani ya mti wa msasa wenyewe, ambayo ndiyo yaliyoipa karatasi ya dukani jina lake. Nayo hufanya kazi ingawa polepole. Kwa karatasi, anza na namba 120, umalize na 240. Sugua kwa urefu wa panga, kutoka mpini kwenda ncha, usisugue kwa kukingama. Mikwaruzo iliyokingama hushika maji na utomvu. Si lazima bapa ling'ae kama kioo. Wengine hukwangua kwa kipande cha chupa: chakwangua kweli, na vidole pia.

Utajuaje kama imekwisha? Mwagia bapa maji safi. Penye chuma kitupu maji hutandaa yote. Yanapojikusanya kama matone juu ya jani la muhogo, pana vanishi au mafuta bado.

BAADA YA KUIONDOA

Saa ile ile, na si kesho, panga lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, lifutwe, lianikwe juani kidogo mpaka likauke, na lipakwe mafuta. Chuma kilichovuliwa vanishi asubuhi huweza kuonyesha wekundu jioni katika miezi ya mvua.

Kwa habari ya mafuta, pwani yetu haina upungufu. Mafuta ya nazi yafaa sana kwa panga la jikoni: hayanati, hayana sumu, na yamo ndani ya nyumba. Yatie kidogo tu kwa kitambaa, maana mafuta mengi hushika mchanga. Yakichacha, yaoshe kwa sabuni na upake mapya, kwa kuwa mafuta yaliyochacha huwa makali na kuanza kukila chuma. Mafuta ya ufuta yafaa pia, lakini yakikaa juma nyingi huanza kunata kidogo. Kwa panga litakalokaa bila kazi hakuna kitu chema kama nta ya nyuki, ambayo warina asali wa Matumbi na bara ya Kilwa wanaijua tangu zamani. Chukua nta sehemu 1 na mafuta ya nazi sehemu 3, viyeyushe katika kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto, wala usiweke kopo juu ya moto wenyewe. Kikipoa huwa kama marhamu. Pakaa kwa kitambaa, ngoja kidogo, kisha futa kinachozidi. Oili chafu ya magari, ambayo wengi huipenda kwa sababu ni ya bure, isiguse panga la chakula kamwe. Imo na vitu viletavyo maradhi, na hata kwenye ngozi ya mikono haifai kuzoewa.

Usishangae bapa likigeuka rangi. Utomvu wa miti na maji ya maganda yenye ukali wa ngeu, kama vile ya mikoko na ya miembe, hulifanya panga lisilo na vanishi kuwa jeusi au la samawati ya giza. Weusi huu si kutu. Kutu ni nyekundu, na ukiigusa hutoka unga. Weusi huo hushikamana na chuma na kukikinga kidogo. Wako wanaohangaika kuusugua kila Ijumaa ili panga ling'ae. Kazi yao ni bure, tena hujipunguzia panga.

Vitu vichache katika nchi yetu vyataka uangalifu zaidi. Maji ya mabibo ni makali. Panga lililopasua mabibo lioshwe kabla ya kulala. Salfa inyunyiziwayo mikorosho dhidi ya ubwiriunga hula chuma ikipata unyevu, kwa hiyo panga lisiwekwe juu ya mfuko wa salfa wala chini yake. Mwenye kufanya kazi katika mashamba ya chumvi au pwani kwenye mikoko alisuuze panga kwa maji ya kisima kila jioni, kisha mafuta. (Na mikoko, kama ujuavyo, ni msitu wa hifadhi, haikatwi bila kibali.) Ala ya ngozi au ya turubai huvuta maji, panga lisilazwe ndani yake usiku.

Kutu kidogo ikitokea, isugue kwa ndimu na majivu, suuza, kausha, paka mafuta. Ndimu isiachwe juu ya chuma, maana ikimaliza kutu huanza kula pua yenyewe. Tena wako wasemao ya kuwa panga lenye kutu ndilo liletalo pepopunda. Pepopunda huletwa na vijidudu vikaavyo udongoni na katika samadi, navyo huingia kwa kidonda cha panga lolote, lenye kutu au linalong'aa. Aliyejikata shambani aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni na aende zahanati akaulize sindano, hata kama panga lake lina vanishi ya jana.

MAKALI NA MPINI

Panga jipya huja bila makali ya kweli. Ukiisha kuondoa ngozi ya ukingoni, linoe kwa tupa. Pembe ifaayo ni kadiri ya nyuzi 22 kila upande, na kuipata si vigumu: chukua karatasi yenye pembe ya mraba, ikunje pembe hiyo katikati, kisha uikunje katikati tena. Pembe iliyobaki ndiyo hiyo. Iweke juu ya bapa na uinamishe tupa sawasawa nayo. Kwa panga la kupasulia vifuu inua tupa kidogo zaidi, makali yawe manene. Sukuma tupa mbele tu, na iinue wakati wa kurudi, kwa sababu meno yake yanakata upande mmoja, na kuyaburuta nyuma ni kuyavunja. Meno yakiziba, yasafishe kwa kipande chembamba cha shaba ukikipitisha katika mifereji yake.

Mpini nao hupakwa vanishi, ukiwa wa mti, na hapa shauri ni moja kwa watu wote: iondoe. Vanishi ya mpini huzuia jasho lisinywewe na mti; mkono huteleza asubuhi na kutoa malengelenge adhuhuri. Likwangue kwa msasa, upake mafuta ya kitani mara tatu, ukiacha yakauke kila mara. Wakati huo tazama ribiti. Ikiwa bapa lacheza hata kidogo ndani ya mpini, weka kichwa cha ribiti juu ya chuma kizito na ukigonge upande wa pili kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi mengi, mpaka kuacha kucheza. Na usilitumie panga hilo kufyeka kabla ya kulifanya hivyo.